Uliza Fundi: Wembe wa Kukunja wa Shilingi 12,000

Maswali ya safu hii hujibiwa na fundi mitambo mstaafu wa reli, Tabora.

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Mimi ni kijana wa Ujiji, Kigoma. Hivi karibuni nilinunua wembe wa kukunja, ule wa wazee wa zamani, kwa jamaa anayeuza vikorokoro Mwanga. Nilimpa shilingi 12,000. Umegongwa neno Solingen, mpini ni wa njano unaofanana na pembe, bapa lina kutu na madoa meusi, na kwenye makali kuna pengo dogo karibu na ncha. Ndevu zangu hunitoa vipele shingoni, na nimesikia wembe wa aina hii unavimaliza. Mnoa visu wa baiskeli ameniambia ataufanya mpya kwa dakika tano, shilingi 1,000 tu. Mama naye anasema niutupe, nitapata ukimwi au pepopunda kwa kujinyoa na wembe wa mtu nisiyemjua. Sijawahi kushika wembe kama huu maishani. Nianzie wapi? – Msomaji, Ujiji.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Anzia kwa kutompa wa baiskeli. Si kwamba namdharau. Kwa visu vya jikoni na mapanga ni mtu wa maana, na huyu anayepita kwetu Isevya namngojea kabisa. Lakini wembe wako haufanani na kisu hata kidogo, na nitakuonyesha kwa nini.

Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ufungue wembe, uulaze juu yake. Inama utazame kwa ubavuni, mwanga ukitokea upande wa pili. Utaona unagusa kioo sehemu mbili tu: mgongo na makali. Katikati pana uwazi, kwa sababu bapa limechimbwa pande zote mbili tangu kiwandani. Kisu unakinoa kwa kukisia mwinamo kwa mkono. Wembe huu mwinamo wake unabebwa na mgongo. Nyembe nyingi za kawaida zina upana wa milimita 16 hivi na mgongo wa milimita 4 na nusu, na vipimo hivyo vyenyewe vinazaa pembe ya nyuzi 16 kwenye makali. Aliyeutengeneza alishamaliza hesabu. Kazi yako ni kuulaza ukalala, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe, kila mara, mpaka mwisho. Kwenye jiwe linalozunguka haulazwi, unainuliwa. Na ukishainuliwa umegeuzwa kisu.

Kuna la pili, la moto. Chuma hicho kilitiwa ugumu kwa kuchomwa na kuzimishwa ghafla, kisha kikapashwa tena joto la kama nyuzi 200 za Sentigredi ili kisiwe cha kukatika kama chupa. Ukingo wake ni mwembamba mno. Ukigusishwa jiwe la kuzunguka au grainda, unapita joto hilo kabla hujapepesa jicho. Ukiona ukingo umegeuka kahawia au buluu, ugumu umekwenda, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Hata msasa wa mashine usiukaribie.

Kuhusu mama, usimbishie. Ana haki ya kuogopa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walijulikana Kagera mwaka 1983, na sisi tuliokuwepo tunakumbuka jinsi mteja alivyoanza kwenda kwa kinyozi na kiwembe chake mfukoni. Lakini virusi vya ukimwi haviishi miaka kwenye chuma kikavu. Vinavyovumilia kuliko hivyo ni vya homa ya ini ya aina B, ambavyo vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 na bado vikaambukiza. Kwa hiyo wembe uliolala miaka kwenye boksi la vikorokoro haunitishi kama wembe ambao kaka yako ameutumia jana jioni. Mwambie mama hofu yake aihamishie hapo: wembe huu ni wako peke yako. Si wa kaka, si wa mgeni, si wa rafiki aliyetoka safari.

Pepopunda nayo haitokani na kutu. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na mbegu zake ni ngumu, hata spiriti haiziui. Dawa ya hilo ni chanjo. Kama hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa, pita kituo cha afya uulize kabla hujaanza kazi hii, maana mtu anayesugua kutu kwenye wembe atajikata tu, mapema au baadaye.

Sasa tuutazame. Solingen si jina la aliyeutengeneza, ni mji wa Ujerumani wenye wafua nyembe na visu tangu enzi na enzi, na tangu mwaka 1938 sheria ya kwao inalilinda jina hilo lisigongwe na yeyote tu. Tafuta jina la kiwanda karibu na hapo, mara nyingi liko upande wa pili wa shina la wembe, pale bapa linapoungana na mpini. Kama neno hilo ni halisi, umenunua chuma kizuri. Ni kile chenye kaboni nyingi, kinachoshika makali kwelikweli na kinachoshika kutu vilevile. Stenlesi ilikuja baadaye, mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, na nyembe nyingi za kukunja hazikuihamia.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni ufa, kabla hujanunua hata msasa. Ufungue wembe, ushike mkia wake kwa vidole viwili bila kuubana, uupige bapa kwa ukucha. Mzima hulia sauti nyembamba inayokaa kidogo. Wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kama una shaka, fanya tulivyokuwa tukifanya karakana ya reli kwa vyuma vya mabehewa: chovya chuma kwenye mafuta ya taa, kiache kinywe, kifute mpaka kikauke kabisa, halafu kipake unga wa chaki nyeupe. Ngoja. Penye ufa mafuta yatarudi juu yenyewe na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, hata kama jicho halikuona kitu. Wembe wenye ufa kwenye makali, uweke kabatini uwe ukumbusho. Kuunoa ni kupoteza siku, na unaweza kuvunjikia shavuni.

Kisha tazama mgongo. Kama mstari bapa ulioachwa na vinoo vya zamani ni mwembamba na sawasawa kutoka mwanzo hadi ncha, wenyewe waliupenda. Kama mgongo umelika upande mmoja na mwingine mzima, mtu aliuonea, na pembe ile niliyokutajia haipo tena. Na mwisho tazama kutu iko wapi. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, wanataka wembe ung'ae kama kijiko cha harusi. Kutu ya mgongoni ni ya macho tu. Kutu ya makali ni ya shavu. Vishimo vyeusi vilivyo katikati ya bapa viache vikae, havikunyoi. Ila vishimo vilivyo ndani ya milimita moja ya makali vitakuwa mapengo mapya kila unaponoa, na hivyo ndivyo vya kukufanya ufikirie mara mbili.

Umesema mpini ni wa njano unaofanana na pembe. Usugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka uone joto, halafu unuse upesi. Ukipata harufu ya kafuri, hiyo si pembe, ni seluloidi. Isogeze mbali na jiko la mkaa na kibiriti, inashika moto vibaya sana. Usiichemshe, usiitie spiriti wala kiondoa rangi ya kucha. Na angalia jambo moja: kama kutu imejaa hasa ile sehemu ya bapa inayolala ndani ya mpini, na mpini umeanza kufifia na kupata nyufa za ndani, basi mpini wenyewe ndio unaotoa hewa ya tindikali inayoula wembe. Ukisafisha leo, kutu itarudi. Mpini huo ubadilishwe. Chini nimemjibu msomaji mwingine jinsi ya kufanya.

Kusafisha sasa. Funika makali kwa tepu ya umeme, yote, kutoka mwanzo hadi ncha. Paka bapa mafuta ya taa uache usiku mzima, mpini usiuloweke. Watakuambia ndimu na chumvi. Ni kweli ndimu inakula kutu, lakini haijui pa kuishia, itakula na chuma ikuachie rangi ya majivu na makali yaliyolainika. Asubuhi futa, laza bapa juu ya kipande cha mbao kilicho sawa ili lisipinde, kisha sugua kwa msasa wa maji uliozungushiwa kifutio cha shule. Anza na namba 600 ukilowesha kwa mafuta. Namba 400 ni ya kutu iliyokomaa tu. Kidole chako kiende sambamba na makali, au kitoke mgongoni kwenda makali na kuishia kabla ya tepu. Kamwe kisirudi kikitokea upande wa makali. Halafu 1000, halafu 2000, na msasa huu utaupata kwa mafundi wa rangi za magari, hata Kigoma haukosi. Umalizie na Brasso kwenye kitambaa. Maandishi ya Solingen yaguse kwa kitambaa tu, msasa utayafuta, na yakishafutika umebaki na wembe usio na kwao.

Ukimaliza, osha kwa sabuni na maji, kausha, kisha bapa peke yake lipake spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, liloe, likauke lenyewe. Jiki usitumie. Inaua vijidudu, na inazaa kutu mchana huohuo.

Pengo lako liko karibu na ncha, na hiyo ni bahati. Lingekuwa katikati ningekupa pole, maana ungelazimika kuushusha ukingo wote mpaka ufike chini ya pengo. Hapo ncha duarisha tu. Laza msasa wa namba 600 kwenye kioo, uishike ncha ikiwa wima, uipitishe polepole ikizunguka, mpaka kona yote na pengo lake viondoke. Utapoteza milimita mbili za urefu ambazo hutazihitaji. Zaidi ya hapo, ncha ya mraba ndiyo inayochana sikio la anayejifunza, kwa hiyo ungeiduarisha hata kama pengo lisingekuwepo.

Kunoa ndiko kwenye kazi. Kile kinoo cha kijivu cha pande mbili kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni cha patasi na shoka, kiache. Unahitaji jiwe la 1000 la kuanzisha makali, la 4000 hivi la kuyalainisha, na la 8000 la kumalizia. Agiza Dar es Salaam. Kama mfuko haujafika huko, tumia msasa wa maji juu ya kioo, lakini usidanganywe na namba. Namba za msasa na namba za mawe hazilingani. Punje za msasa wa 2000 zina ukubwa wa maikroni 10 hivi, kwa hiyo uko karibu zaidi na jiwe la 1000. Msasa huo utakuanzishia makali, hautayamaliza. Ukitumia karatasi, ilowe na igandame kwenye kioo bila kibofu hata kimoja cha hewa, la sivyo makali yataikata paliponyanyuka.

Fanya hivi. Toa tepu kwenye makali. Funga mgongo kwa tabaka moja la tepu ya umeme ili usiukwangue. Chukua maka peni nyeusi, upake ukingo wa makali pande zote mbili. Lowesha jiwe. Laza wembe, mgongo na makali vyote chini, usukume makali yakitangulia, ukianzia mwanzo wa bapa na kuishia nchani kwa mshazari, kwa sababu wembe ni mrefu kuliko upana wa jiwe. Ukifika mwisho ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, urudi. Uzito ni wa wembe wenyewe na wa vidole viwili vilivyolegea. Baada ya kupita mara chache tazama wino. Palipofutika mpaka ukingoni pananoleka. Palipobaki wino pembeni kabisa mwa ukingo, makali hayajagusa jiwe: ama kuna vumbi chini ya mgongo, ama umekandamiza upande mmoja, ama wembe umepinda. Maka peni haisemi uongo. Kijana akiniletea wembe akisema ameunoa wiki nzima haunyoi, ninachomwomba kwanza ni maka peni.

Usiondoke kwenye jiwe la 1000 mpaka wembe unyoe vinyweleo vya mkono kwa urefu wake wote, si katikati tu. Kipimo kingine: simama chini ya balbu, makali yakitazama juu, uyazungushe taratibu. Makali butu huonekana, kwa kimstari au nukta nyeupe zinazomeremeta. Makali yaliyokamilika hayaonekani, jicho halina pa kushika. Ukiona nukta moja inang'aa, hapo bado. Wengi wanakimbilia jiwe la 8000 wakidhani ndilo linalotia ukali. Hilo linang'arisha tu kilichotengenezwa na la 1000.

Mwisho ni mkanda. Ngozi halisi ya ng'ombe, isiyo na mishono, upana wa vidole vitatu au zaidi, imefungwa kwenye kitasa na kuvutwa ikakaza. Hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau utaukata mkanda, na makali utayavunja. Kama huna ngozi nzuri, gazeti lililokunjwa na kulazwa kwenye kioo linafaa kuliko watu wanavyodhani. Asiye na jiwe la 8000 apake ngozi nyingine, ya pembeni, ile dawa ya kijani ya kromiamu oksaidi inayong'arisha vyuma, apitishe wembe hapo kabla ya mkanda mkavu.

Hayo yote yanachukua muda, na mimi sikushauri ujifunze kunoa na kunyoa kwa pamoja. Wembe ukikuvuta ndevu hutajua kosa ni la makali au la mkono wako. Nenda kwa kinyozi wako umwulize alikonunua kile kishikio chake kinachotiwa nusu ya kiwembe. Nunua chako, ujifunzie hicho. Makali yake unayajua ni mazima, kwa hiyo kila mkwaruzo ni wako. Mkono ukishazoea, urudi kwa huu wa Solingen.

Siku ya kunyoa, uso uoshe kwa maji ya moto, povu la sabuni likae kidogo mpaka ndevu zilainike. Wembe usimame kidogo kutoka kwenye ngozi, kama nyuzi 30. Ukiulaza kabisa utavuta, ukiuinua utakwangua na kukata. Mkono wa pili unyooshe ngozi kwa upole. Mashavu tu mwanzoni. Kidevu na juu ya mdomo malizia kwa unachotumia sasa, hapo pana kona na mkono wako haujakomaa. Fuata ndevu zinakoelekea, na shingoni zipapase kwanza kwa vidole, kwa sababu huko huzunguka kila mtu kivyake. Usiuvute wembe kwa ubavu hata mara moja, yaani kama unavyokata mkate. Damu itakuja kabla ya maumivu.

Vipele sasa, maana ndivyo vilivyokufanya ununue. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa fupi mno, hasa kinyume cha zinakoota, ncha yake hujikunja na kuingia tena kwenye ngozi, na ngozi inapigana nayo. Wembe mmoja unaopita mara moja kufuata ndevu unaweza kukutuliza kuliko vile vya plastiki vya makali matatu ambavyo huinua unywele na kuukata chini ya ngozi. Lakini si wembe unaotibu, ni kuacha kunyoa kinyume na kuacha kuivuta ngozi kupita kiasi. Ukitaka kidevu kiteleze kama cha mtoto, vipele vitarudi na wembe wako wa Solingen utausingizia. Na kama wewe ni wa makovu yanayovimba na kukua, achana na nyembe zote. Mashine ya umeme inayoacha ndevu kidogo ndiyo yako, na daktari wa ngozi akuone.

Kuutunza huko kwenu ni kazi kuliko hapa Tabora, kwa sababu ziwa linapumua usiku kucha. Ukimaliza, kausha, pitisha kwenye mkanda, pakaza tone la mafuta ya cherehani, uhifadhi chumbani, si bafuni, na si ndani ya mkoba wa ngozi unaonyonya unyevu. Mawese usithubutu, yanachacha na kuganda. Na kama unaona mafuta ni mzaha, nenda bandarini ukaulize habari za meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha mwezi Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wake walikwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Karibu miaka minane chini ya maji, mjukuu wangu, na wewe wembe wako umekushinda mezani.

Ukifanikiwa, treni inapita Tabora, na migebuka mikavu haiozi njiani.

SWALI: Babu, nimerithi wembe wa kukunja wa marehemu baba. Bapa ni safi ila mpini umepasuka vipande. Mume wangu ni fundi seremala na ana mabaki ya mninga. Unafaa? – Mama wa watoto watatu, Kaliua.

JIBU: Unafaa sana, binti yangu. Mninga hauchezi sana ukikauka na unapokea mng'aro. Mpini wa zamani usiutupe, ndio kipimo chenu. Mumeo apige tupa kichwa kimoja cha kila pini, azisukume zitoke, afuate umbo lile lile. Vipande viwili vya unene wa milimita 3 hivi, nyuzi za mbao ziende kwa urefu. Kule mkiani katikati ya vipande viwili huwa kuna kabari ndogo. Iwe nyembamba kuelekea wembe. Kabari hiyo ndiyo inayofanya bapa liingie katikati bila kugusa mbao, na wengi hukosea hapo, wanaweka kipande cha unene mmoja na wembe unafunga ukikwaruza makali yake ubavuni. Pini iwe waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6, na washa ndogo (vipete) za shaba pande zote. Ncha ya waya igongwe kwa nyundo ndogo, vigongo vyepesi vingi, akizungusha. Pigo moja zito litapasua mninga, nao mabaki yakiisha ataanza kutafuta mti upya. Kumalizia mnayo nta ya nyuki hapo mkoani: ipasheni, mpake, msugue kwa kitambaa.

SWALI: Shikamoo Babu. Mjukuu wangu anafanyiwa akika wiki ijayo na babu yake mzaa baba anataka kumnyoa kwa wembe wake wa kukunja, anasema ni safi kuliko vya dukani. Nimruhusu? – Bibi wa mtoto, Kigoma.

JIBU: Marahaba. Hapana, usimruhusu, na mwambie ni mimi niliyekataa ili mzee asikukasirikie wewe. Wembe wa mtu mzima umepita kwenye damu ya mtu mzima hata kama hakuiona, na spiriti inayotosha kwa wembe wa mtu mmoja haitoshi kwa kichwa cha mtoto wa siku saba. Mzee anyoe yeye, heshima ni yake, ila kwa kiwembe kipya kinachofunguliwa kwenye karatasi mbele yenu, mikono ikiwa imeoshwa, nywele zikiwa zimeloweshwa kwa maji ya uvuguvugu. Mama ashike kichwa, mzee asikandamize utosi. Kiwembe kikishatumika kitiwe kwenye kopo lenye mfuniko.